Cheti chako kina mwaka wake, usikisome kwa macho ya kaka yako

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka kastesheneri kangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kanajaa mpaka mlangoni, printa inachemka, bando linakata, na mimi nageuka mwalimu, mshauri na saa nyingine mfariji. Msimu uliopita aliingia mama mmoja wa Ilomba na binti yake, simu kaishika kama kabeba yai. Mwanangu, nitolee karatasi, huyu kapata three, nampeleka fomu faivu. Nikafungua, kweli kabisa, three, yaani divisheni ya tatu, ya pointi 24. Nikashuka chini kwenye masomo: Kiswahili B, Civics B, halafu D tano, halafu F mbili.

Nikanyamaza kidogo. Yule mama alishanunua godoro la bweni tayari, aliliacha kwa muuza mchele pale nje.

Shida ni hii, na wazazi wengi hawaijui. Three siyo tiketi. Kidato cha tano wanaangalia vitu viwili kwa pamoja, pointi zisizidi 25 (zikiwa chache ndiyo vizuri) NA uwe na angalau masomo matatu yenye C au juu ya C, na masomo ya dini hayahesabiwi hapo. Piga hesabu mwenyewe, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Mwenye C tatu na D nne ana 25, anaenda. Binti wa Ilomba ana B mbili na D tano, ana 24, pointi nzuri kuliko za mwenzake, haendi. Mama akasema lakini mdogo wangu alienda na three. Nikamuuliza alimaliza mwaka gani shikamoo mama, maana huyo mdogo wake kumbe alimaliza miaka ya tisini huko.

Na hapo ndipo nataka kukaa, kwa sababu mimi mwenyewe iliniuma.

Mimi ni wa kidato cha nne 2012. Wa rika langu wakisikia huo mwaka wanacheka kwa uchungu. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ziro nchi nzima, kijijini kwetu Rungwe ilikuwa kama kuna msiba, mimi nilikuwa na four mbovu, baba akaniambia chukua jembe. Mwezi wa tano serikali ikayafuta, yakapangwa upya, nikapanda nikapata three, Julai nikaenda fomu faivu ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kingereza, na sweta la kuazima. Tukadhani tumeshatoka shimoni. Tunafika fomu siksi 2015 tunakuta tunapimwa kwa GPA, yaani wastani wa alama, hakuna tena one wala two, kuna distinksheni, meriti, krediti na pasi, na madaraja yana B+ katikati. Mwanzoni mwa 2016 divisheni zikarudishwa, wadogo zetu wakaendelea kama hakuna kilichotokea, sisi tukabaki na vyeti ambavyo hata mwajiri anavigeuza geuza.

Fomu siksi nilipata C ya Historia, C ya Jiografia, D ya Kingereza. Kaka yangu, mtu wa fomu siksi 2011, akanihesabia kwa kujiamini (huku fomu siksi pointi nyingi ndiyo vizuri): C ni 3, una 6 kwenye mbili za juu, omba sheria, usiwe mwoga. Nikaomba kozi zote zenye ushindani. Kumbe kwa sisi wa fomu siksi 2014 na 2015, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanahesabu A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Yaani nilikuwa na 4, kile kiwango cha chini kabisa cha kuingia chuo, na naomba kama mwenye 6. Nikaachwa zote. Mwaka mzima nikapakia viazi Uyole, asubuhi ya mwezi wa sita na ile baridi, magunia ya lumbesa, huku najua nilikuwa na sifa za chuo na nilikosa kwa hesabu tu. Mwaka uliofuata nikaomba kwa pointi zangu halisi nikapata.

Sasa waliomaliza fomu siksi kuanzia 2016 mpaka leo mambo yao ni tofauti tena, C imerudi kuwa 3 na D ni 2, kwa hiyo D mbili zinakufikisha 4 wakati sisi tulihitaji C mbili. Usimwombe kaka akuhesabie. Kama ni mimi ndiye kaka, usiniombe mimi. Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huo huo unaoomba, tafuta mstari wenye mwaka uliomaliza.

Na mabadiliko hayajaisha. 2024 tahasusi, yaani kombi za masomo ya fomu faivu, zilipanuliwa kutoka 16 zikawa 65, kuna vijana wanachagua kombi kwa sababu jina ni jipya bila kuuliza ni shule gani inayo na inakupeleka kozi gani ya chuo. Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua kombi na shule, ikifunguliwa baada ya matokeo ingia ubadilishe MWENYEWE, ina tarehe ya kufungwa, na wanaokuja kwangu siku moja baada ya kufungwa huwa ni wengi kuliko wanaokuja mapema, sijui kwa nini. Halafu kuna mkondo wa amali, wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ulioanza 2024 kwa kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule, wale wanafanya mtihani wa kidato cha nne 2027. Kama mwanao yuko huko usimwambie ni wa walioshindwa, nenda shuleni uulize cheti kitatolewa na nani na akitaka kusonga mbele anapita wapi, uliza sasa hivi siyo 2027.

Binti wa Ilomba tulikaa naye karibu saa nzima. Njia zilikuwa mbili. Kurisiti, yaani kurudia mtihani, masomo mawili matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea atafute C, au aende chuo na hizo hizo D, maana astashahada wanataka ufaulu wa masomo manne kuanzia D, unapanda hadi diploma, na ukitoka na GPA ya 3.0 digrii unaomba kama wengine. Afya nilimwambia aisahau, Kemia ilikuwa kwenye zile F. Mama alitaka arisiti. Binti, ambaye muda wote hakuongea, akasema yeye anataka maendeleo ya jamii.

Tukajaza fomu jioni ile ile. Godoro wakaondoka nalo kwenye bajaji, wamelikunja mara mbili, miguu ya binti inaning'inia nje.