Kujaza risasi mwenyewe: piga hesabu kabla ya kununua presi (mashine ya kujazia)

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kama kujaza risasi nyumbani, yaani kutumia tena maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, kutakupunguzia gharama ya mazoezi ya shabaha, maana binamu yako aliye Texas anakusifia sana.

Kwake inaweza kulipa, ila si kwa kila risasi. Ganda la shaba ndilo ghali, nalo hutumika tena na tena. Unabadilisha fataki (kiwashio kidogo kilicho kitakoni mwa ganda), baruti na kichwa tu. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo kidogo cha uzito; pauni moja ina greni 7,000. Risasi ya 9mm, ya bastola, hula kama greni 5, basi pauni hiyo inajaza zaidi ya elfu moja. Lakini za kiwandani za 9mm kule ni bei nafuu, kwa hiyo anachookoa ni kiduchu. Ya .308, ya bunduki ndefu, hula greni 40 na ushee, pauni haifikishi hata 180, na bado hapo ndipo faida ilipo, kwa sababu ya dukani ni ghali mno. Halafu kuna gharama ya presi na mizani, nayo lazima irudi kwanza. Wengi wanaojaza wenyewe, wakishaona nafuu, hufyatua zaidi, na mfuko unabaki vilevile.

Hapa kwetu mambo ni mengine kabisa. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, wateja ni wachache, na cheti chako kinaweka kikomo cha risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Nakuomba sana, usimwache binamu akuletee hata fataki moja kwenye begi. Nenda kwanza Bodi ya Leseni za Silaha, uulize, upewe jibu kwa maandishi.

Kwa sasa, fanya mazoezi ya kulenga na kuvuta kifyatuo bunduki ikiwa tupu, umeikagua mara mbili. Hayo hayagharimu shilingi.