Shangazi, zawadi ya mume inanitia ganzi

Shikamoo shangazi. Nina miaka 43, nipo Ngamiani hapa Tanga, mume wangu baharia na safari hii kaniletea vaibreta ndogo saizi ya lipstiki. Nikiiwasha namba moja tu inanichoma, dakika mbili nishakufa ganzi pale mahali sisikii kitu. Mwenzangu anasema hii ya kitoto, tutafute yenye nguvu zaidi. Nina tatizo?
Mama wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Huna tatizo lolote, na baba watoto mwambie nguvu siyo dawa hapo. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon kule Marekani walihesabu nyuzi za fahamu zinazokwenda kwenye kinembe wakakuta zaidi ya 10,000, sasa kitu kama hicho unakipigia kelele cha nini?

Shida ni aina ya mtetemo. Hizi ndogo za betri nyingi zinatetemeka haraka haraka juu juu, ukisikiliza zinalia kama mbu sikioni, na ndo zinazotia ganzi (inaisha yenyewe, usiogope). Mwenye hisia kali kama wewe anafaa ile inayonguruma taratibu, mtetemo mzito unaozama ndani, kama injini ya boti pale Deep Sea inasubiri wavuvi wapande, halafu kichwa chake kiwe kipana na laini isikuchome sehemu moja, na namba ya kwanza iwe ya chini kweli. Ukipata nafasi ijaribu kwenye ncha ya pua, ikikuwasha pua na huko itakuwasha. Zile za hewa, zinazovuta na kusukuma hewa juu ya kinembe badala ya kutetemeka, zilizotokea Ujerumani 2014, wapo wanaozisifu, ila wengine zinawazidi, usianzie huko.

Hiyo uliyonayo usiitupe, kunja kanga mara mbili iwe katikati, au iweke pembeni ya kinembe siyo juu yake.

Chukua ya silikoni, zile za mpira mlaini zinazonuka kama yeboyebo mpya achana nazo, zinafyonza uchafu hata uoshe vipi. Kilainishi kiwe cha maji, cha silikoni kinaharibu silikoni mwenzie, na najua sisi wa huku kila kitu nazi lakini mafuta yanapasua kondomu.

Ila kama hata kidole kinauma, nenda kituo cha afya, umri huo hedhi ikianza kuyumba ukavu unaingia na unatibika.

Na akirudi baharia wako, kitufe ushike wewe.