Kichujio Kipi cha Hewa?

SWALI: Nyumba tuliyopanga hapa Columbus, Ohio, hupashwa joto na kupozwa kwa mtambo mmoja. Dukani kuna vichujio vya MERV 8 na MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe za hewani). Ninunue kipi, na nikibadilishe lini?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na vipimo vilivyoandikwa kwenye fremu ya kichujio cha zamani, kwa kuwa kisichoenea vizuri hupitisha vumbi pembeni. MERV 13 hunasa chembe ndogo zaidi, zikiwamo za moshi, lakini aghalabu hubana hewa, na feni ya mtambo mkongwe inaweza kuelemewa. Kabla fundi hajathibitisha kuwa mtambo wenu unaihimili MERV 13, ningechagua MERV 8. Kichujio chembamba cha inchi 1 kikague kila mwezi na kukibadilisha ndani ya miezi 3, au mapema zaidi mkifuga paka. Zima mtambo kwanza. Mshale ulio kwenye fremu ya kichujio uelekee kwenye feni.