Sedani ya kifahari ya zamani: msamaha wa kodi ukiitoa sadaka

Ukilipa shirika la hisani sedani yako ya zamani, je, unakata kwenye mapato yanayotozwa kodi bei ambayo magari kama hilo yanatangazwa kuuzwa? Hapana. Kwa sheria ya Marekani tangu 2005, shirika la hisani likiliuza gari kwa zaidi ya dola 500, unakata kile kilichopatikana kwenye mauzo tu, na kinaandikwa kwenye Fomu 1098-C, hati ya kodi ya gari lililotolewa sadaka, ambayo shirika litakupa. Sedani ya kifahari ikishazeeka huanguka bei vibaya mnadani: springi za hewa zikilala na giaboksi ikianza kugonga, mnunuzi anapiga hesabu ya fundi, haangalii viti vya ngozi. Kukata bei ya soko kunakubalika shirika likilitumia gari lenyewe kwa kazi zake, likilikarabati kwa kiasi kikubwa au likimpa mhitaji. Na lazima uorodheshe makato yako moja moja kwenye ritani ya kodi, badala ya kuchukua kiwango cha makato cha jumla, la sivyo huambulii kitu.