Nilijua "postpone", sikujua "put off"

Ujumbe wa bosi ulikuwa mstari mmoja: "We've had to put off the meeting." Macho yangu yalitua kwenye "off", neno nililokuwa nalijua kutoka kwenye swichi ya taa, nikahitimisha kwamba kikao kimekufa. Ripoti niliyokuwa naiandaa nikaiweka kando, nikashika kazi nyingine. Siku tatu baadaye naitwa, naingia, nakuta wenzangu wameshakaa, kila mmoja na karatasi zake mbele yake. Mimi sina hata ukurasa mmoja. Kumbe kikao hakikufutwa, kiliahirishwa tu. Kingefutwa, angeandika "call off".

Kilichoniuma zaidi ni kwamba neno "postpone" nilikuwa nalijua vizuri tangu shuleni. Angeandika "postponed" ningeelewa papo hapo. Nilikuwa na uwezo wa kuandika insha iliyojaa "nevertheless" na "consequently", lakini Kiingereza ambacho watu wanaongea wakiwa wamesimama mlangoni kikawa kinanipita. Naamini wengi wetu tuliojifunzia lugha hii darasani tuko hivyo: maneno makubwa tunayo, madogo tuliyaruka.

Jambo hili lina historia yake. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, huku Kilatini kikiwa lugha ya kanisa na ya wasomi. Maneno ya lugha hizo yaliingia kwa wingi kwenye Kiingereza na mengi yakakaa ngazi ya juu; yale ya wenyeji yakabaki kwenye mazungumzo ya kila siku. Ndiyo maana leo kuna "buy" na "purchase", "ask" na "inquire", "help" na "assist". Hata "postpone" ni Kilatini, na maana yake ya asili ni "kuweka baadaye". Mtoto anayekulia kwenye Kiingereza huanza na "put off" na hukutana na "postpone" akiwa ameshakua. Sisi tulianzia juu, na kushuka ndiko kunakotushinda.

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa mfumo wa Kiingereza chepesi alioupa jina la Basic English. Ulikuwa na maneno 850 tu, na ndani yake vitenzi 18: "come", "go", "get", "give", "put", "take" na wenzao. Vitenzi vichache hivyo vilitosha kwa sababu kila kimoja kikishikana na vijineno kama "up", "off", "out" na "in" kinafanya kazi ya vitenzi vingine vingi. Mimi napenda wazo hilo, ila lina mtego wake. Ukijua "put", ukajua "up", ukajua "with", bado huijui "put up with", ambayo ni kuvumilia. Muungano ni neno jipya, na unatakiwa kujifunzwa hivyo.

Jambo hili lisikutishe, maana unalifanya kila siku kwa Kiswahili. Chukua "piga". Anayejifunza lugha yetu huambiwa kwamba kupiga ni kuchapa. Halafu anasikia piga simu, piga picha, piga kura, piga pasi, piga mswaki, piga magoti, piga chafya, na hakuna anayechapwa popote. Wewe hukuwahi kukaa chini ukajiuliza simu imekosa nini. Uliyapokea nzimanzima, kutoka kwenye midomo ya watu. "Get" ni "piga" ya Kiingereza, au niseme inakaribia sana: "get up" ni kuamka, "get over" ni kupona ugonjwa au huzuni, "get along" ni kuelewana, "get away with" ni kufanya kosa usiadhibiwe. Ukitafuta maana moja inayoziunganisha zote utachoka bure.

Kwa hiyo daftari langu nililibadilisha. Zamani lilikuwa na safu mbili, neno la Kiingereza na neno la Kiswahili. Siku hizi kushoto naandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, kulia naandika hali: nani kamwambia nani, na alikuwa anataka nini. Maana ya Kiswahili inakuja mwisho, kwa penseli, chini kabisa. Ukurasa mmoja uko hivi. Kushoto: "I'll get back to you on that." Kulia: mteja kauliza kazi itaisha lini, mwenzangu hana jibu, anaomba muda bila kusema hajui. Chini, kwa penseli: nitakujibu. Ningeandika "get back" peke yake pembeni ya "rudi", ningebaki na sentensi ya ajabu kichwani, kwamba mtu anaahidi kurudi mahali ambapo hajatoka.

Sentensi nzima inakupa pia mpangilio bila kukariri kanuni. "Put off" hupasuliwa katikati na kiwakilishi: "put it off". Huwezi kusema "put off it". Lakini "look after", kutunza, haipasuliwi: "look after it". Kamusi nzuri za wanafunzi zinaonyesha tofauti hii mwishoni mwa maelezo ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo tafuta chini ya "put" au "look", usiishie kwenye maana ya kwanza.

Sasa niseme lililonichukua muda mrefu kuliko yote: misemo ya Kiswahili tunayoivika nguo za Kiingereza. Rafiki hamjaonana miezi, unamwambia "You're lost!" Kwa Kiswahili "umepotea" ni upendo. Kwa Kiingereza umemwambia hajui njia. Wao husema "Long time no see" au "I haven't seen you for ages". Unatoka chumbani kidogo, unasema "I'm coming", kwa sababu kwetu mtu anayeondoka husema "nakuja". Anayekusikia anakuona unaenda huku unasema unakuja. Sema "I'll be right back". Na kuvunjika moyo: kwetu ni kukata tamaa, labda kazi imekataliwa. Ukiandika "I was heartbroken" kuhusu barua ya kazi, msomaji anafikiria msiba au mapenzi yaliyovunjika. "I was discouraged" ndiyo inayobeba unachotaka.

"Pole" ndilo gumu zaidi. Mwenzangu alijikwaa mbele yangu nikamwambia "Sorry!" kwa moyo wote. Akageuka: "Why? It wasn't your fault." Masikioni mwake nilikuwa nakiri kosa. Aliyefiwa ataelewa "I'm so sorry", lakini aliyejikwaa huulizwa "Are you all right?" Na "pole na kazi" haina mwenzake kabisa. Nilihangaika sana kuitafuta, na nakushauri usihangaike. Kila lugha ina wema wake ambao lugha nyingine haijaupa neno.

Kuhusu nahau zenye picha, zile zinazopendwa kwenye masomo, nina msimamo. "It's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, nimeisoma mara nyingi sana na kuisikia kwa nadra. Ninaowasikia husema "It's pouring". Zijue ili ukizikuta uzielewe, lakini usiharakishe kuzitumia. Nahau ina uzito wake. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ni sawa na mtu kusema fulani "amekata kamba". Huwezi kumwambia hivyo mfiwa. Kwake ni "passed away", kama sisi tunavyosema amefariki. Kabla sijaitumia nahau mpya nasubiri niisikie kwa watu watatu tofauti, na nione wasikilizaji wanaipokeaje.

Kumbuka pia kwamba neno lilelile linaweza kugeuka ukivuka bahari. Uingereza, "to table" hoja ni kuileta mezani ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Hebu fikiria kikao chenye watu wa pande zote mbili. "Quite good" nayo, kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, kwa Mmarekani ni nzuri hasa. Andika daftarini msemaji anatoka wapi.

Kuhusu kukumbuka sina mengi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe, yakaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo mimi hurudia jioni ileile, kesho yake, halafu baada ya wiki. Sentensi tatu kwa siku zinatosha. Nazisoma kwa sauti, maana mdomo nao unajifunza.

Na uliza, ila angalia namna ya kuuliza. "What do you mean by that?" ni sahihi kisarufi lakini ukiitamka kwa mkazo inasikika kama ugomvi. Njia ninayoiamini ni kumrudishia mtu maneno yake kwa maneno yangu. Ujumbe kama ule wa kikao ukija leo, najibu dakika hiyohiyo: "So it's moved to another day, not cancelled?" Hapo ama nitapata "Yes", ama nitasahihishwa, na ripoti inaendelea kuandikwa.