Moa aliatamia wapi mayai yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, tukiwa chini ya miamba ya hapa kwetu, mwanafunzi wangu aliniuliza kama moa, yule ndege mkubwa wa New Zealand aliyetoweka, alitaga mahali kama hapo. Je, ni kweli? – Mwalimu, Nyamagana, Mwanza.

JIBU: Ndugu Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo la maana. Chini ya miamba iliyoinama, mahali pakavu pasipofikiwa na mvua, watafiti wamekuta mabaki ya viota vya moa: vijiti vilivyokatwa kwa mdomo, vikiwa vimechanganyika na vipande vya maganda ya mayai. Hata hivyo, ukavu ndio uliohifadhi viota hivyo, kwa hiyo tusidhani kwamba moa hawakutaga kwingineko. Linalonistaajabisha zaidi ni ganda lenyewe. Katika jamii kubwa zaidi, ambayo jike aliweza kuzidi kilo 200, ganda lilikuwa na unene wa takriban milimita 1.4 tu, yaani jembamba kuliko la mbuni wetu wa Serengeti. Vinasaba vilivyopatikana upande wa nje wa maganda ya jamii kadhaa vilikuwa vya madume, na kwa sababu hiyo wataalamu wanaamini kwamba dume, aliyekuwa mdogo sana kuliko jike, ndiye aliyeatamia.