Jioni ya Kilio: Kumtuliza Mtoto na Kumlinda Mlezi

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji ni nini kinachomtuliza mtoto mchanga anayelia kila jioni asibembelezeke. Jibu langu, nikiwa mzazi niliyelea mtoto wa namna hiyo, ni kwamba mlezi asiipime kazi yake kwa ukimya wa mtoto. Zipo jioni ambazo mtoto aliyeshiba, asiye na homa na aliyebebwa kwa upendo ataendelea kulia, na hilo halithibitishi kwamba maziwa ya mama yana kasoro au kwamba mama hajui kulea.

Kilio hiki kina mwendo unaojulikana. Huanza katika wiki za mwanzo, hufikia kilele mnamo wiki ya 6, kisha hupungua, na kwa watoto wengi huisha wanapofikisha miezi 3 au 4. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake, walipendekeza kipimo kilichotumika kwa miaka mingi: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, kwa zaidi ya siku 3 za wiki. Wengi wetu hukiita kilio hiki chango na kulilaumu tumbo, kwa kuwa mtoto hukunja miguu, hukaza tumbo na kujamba. Lakini chanzo chake hasa hakijathibitishwa, na kwa kuwa mtoto anayelia kwa nguvu humeza hewa nyingi, gesi hiyo yaweza kuwa tokeo la kilio na si sababu yake.

Njaa, nepi, joto na kucheua vikishaangaliwa, mimi hushauri kupunguza badala ya kuongeza. Taa ififishwe, sauti zishuke, na mtoto asipitishwe mikono kwa mikono huku kila mtu akijaribu mbinu yake. Abebwe kifuani na mtu mmoja anayetembea kwa mwendo usiobadilikabadilika. Watafiti wa Japani waliochapisha kazi yao mwaka 2022 walipendekeza kutembea naye kwa dakika 5, kisha, akisinzia, kukaa naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza, kwa sababu wengi huamka pale wanapoanza kutenganishwa na kifua cha mlezi.

Kuhusu dawa, naomba tujizuie. Matone ya gesi ya simethikoni hayajaonyesha faida ya kuaminika, na asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, kwani yaweza kubeba vimelea vinavyosababisha botulism, ugonjwa unaopoozesha misuli. Kwa upande mwingine, homa ya nyuzi 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi uliovimba, kulegea au kukataa kunyonya ni mambo ya kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo, hata kama jana alilia vilevile na kulipokucha akawa mzima.

Jambo ninalotamani kila nyumba ilijue ni hatari ya uchovu wa mlezi. Kumtikisa mtoto mchanga, hata kwa muda mfupi sana, kwaweza kuvujisha damu katika ubongo, kumpofusha au kumuua, na wanaofanya hivyo mara nyingi ni watu wampendao walioshindwa kuvumilia zaidi. Mlezi anayehisi hasira ikipanda amlaze mtoto chali mahali salama, atoke chumbani kwa dakika chache, anywe maji, kisha arudi kumtazama. Mtoto hadhuriki kwa kulia peke yake kwa muda huo mfupi. Nao ndugu wanaokuja jioni wakiwa na ushauri mwingi wangemsaidia mama zaidi kwa kumpokea mtoto na kumwacha ale na alale, kisha wakarudi kesho yake kwa kazi hiyohiyo, hadi wiki hizo zipite.